Nilimlisha Sungura Biskuti, Lawama Akazibeba Mdogo Wangu

Mshauri wangu, naomba unisaidie upesi kidogo, maana mimi si mtu wa kuambiwa asubiri foleni. Nina miaka themanini na mbili, moyo wangu umechoka, na daktari wangu, kijana mpole asiyependa kutisha watu, aliponiambia mwezi uliopita kwamba sasa tuzungumzie miezi na si miaka, nilimuuliza kama miezi hiyo inafika sita, akaanza kupanga kalamu zake mezani, nami nikaelewa. Sikuandikii kuhusu kufa. Kufa nimeshakubaliana nako. Ninakuandikia kuhusu sungura.

Ninaishi kwa mwanangu wa mwisho, fundi wa lifti, ambaye hutoka alfajiri na kurudi jioni hoi, kwa hiyo mtawala halisi wa nyumba ni mkewe, mkwe wangu, fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kiwanda chake: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, mabunda ya vitambaa yaliyopanda mpaka usawa wa dirisha, na katikati ya hayo yote sungura wawili aliopewa na mteja mmoja aliyefurahia gauni lake. Wa kiume, yule wa kijivu, anaitwa Meneja, kwa sababu huzunguka nyumba nzima akikagua na hafanyi kazi yoyote. Wa kike, mweupe, anaitwa Sekretari, kwa sababu humfuata nyuma na ndiye mwenye akili. Mimi nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na saba, kwa hiyo Meneja tulielewana tangu siku ya kwanza.

Sasa naanza kuungama. Nina kisukari. Mkwe wangu hunipima asubuhi na jioni, hunichoma insulini kwa mkono wake, huandika kila kitu kwenye daftari, wali ananipimia kwa kikombe kilekile kimoja, na kitu kitamu hakikanyagi mlango wa nyumba ile. Lakini nina kinyozi anayekuja kuninyoa ndevu kila baada ya wiki mbili, mtu mwenye mkono mwepesi na huruma nyingi kuliko akili, na chini ya taulo kwenye mkoba wake, kati ya mashine na kopo la poda, huwa mna pakiti nne za biskuti za maziwa, ambazo mimi huzihifadhi ndani ya mto, upande wa zipu. Kwa hiyo asubuhi mkwe akishaanza kukanyaga cherehani, mimi hukaa kwenye kiti changu na kula biskuti zangu mbili tatu taratibu, na tatizo langu la mwanzo lilikuwa chembe, kwa sababu biskuti za maziwa humwaga chembe kama msumeno, na mkwe wangu ana jicho la kuona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Meneja ndiye aliyenitatulia shida hiyo. Asubuhi wakifunguliwa kizimba huja moja kwa moja chumbani kwangu, na siku ya kwanza alizila chembe zote pale mkekani, moja baada ya nyingine, akaacha mkeka msafi kuliko ufagio ungeuacha. Nikaona nimepata mshirika. Baadaye nikazoea kwamba nikisikia ndala za mkwe kwenye korido naiangusha biskuti nzima chini ya kiti, na mpaka mkwe anasukuma mlango, hakuna biskuti, yupo mzee na sungura wake wanatazamana. Sekretari alipewa kipande mara moja, akakinusa, akanipa mgongo. Mambo yakaenda hivyo miezi mitatu, mshauri, na nilikuwa mtu mwenye furaha.

Jumanne moja Meneja hakuja. Tulimkuta chini ya meza ya kukatia, amejikunyata kama mpira, masikio baridi, macho nusu wazi, anasaga meno, na kwenye trei yake hapakuwa na hata punje moja ya kinyesi. Mkwe aliacha gauni la bi harusi sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, akampigia daktari wa wanyama, naye akaja na viatu vyake vya mvua, akamlaza kitandani kwangu, akamminya tumbo, akamsikiliza, akasema utumbo umesimama, na sungura ambaye utumbo umesimama hana siku nyingi. Kisha akauliza, tena akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye mto wangu:

"Amekula kitu gani kigeni? Mkate? Biskuti? Chochote cha unga na sukari?"

"Biskuti?" mkwe wangu alicheka kwa uchungu. "Daktari, humu tuna mgonjwa wa kisukari. Hata sukari ya chai yetu naificha kwenye sanduku la vifungo."

"Majani mabichi je? Yanatoka wapi?"

Hapo ndipo jina la mdogo wangu likaingia. Mdogo wangu ana miaka sabini na minne, mkunga mstaafu, anakaa mitaa miwili tu kutoka kwetu, na kila siku alasiri alikuwa akija na kikapu cha majani ya karoti na mchicha kutoka bustani yake, anawapa sungura, kisha anakaa kwangu saa nzima tukibishana. Tulizaliwa watano, tumebaki wawili, na yeye ndiye mtu pekee duniani anayeniita mjinga bila kutanguliza samahani. Daktari alisema inawezekana majani yalikuwa na unyevu, au mengi mno, hana uhakika, na linalomshangaza ni kwamba Sekretari amekula yaleyale na ni mzima.

"Huyu Meneja ni mlafi," mkwe alisema. "Anakula la kwake na la mwenzake."

Mimi nilikuwa natazama dirishani.

Kesho yake mdogo wangu akaja na kikapu chake, na mkwe, ambaye alikuwa hajalala vizuri, akamkuta mlangoni mwa chumba changu.

"Shangazi, usinielewe vibaya, lakini majani yako naomba yasiingie tena humu. Ndiyo yaliyomfikisha Meneja alipo."

"Majani yangu? Haya ninayoyaosha kwa mikono hii iliyopokea watoto wa mtaa mzima, na wewe ukiwemo? Leo nimekuwa mtoa sumu?"

"Sijasema sumu, Shangazi."

"Sasa umesema nini? Kaka, unamsikia mkweo? Sema basi. Wewe si unashinda nao hawa wanyama asubuhi yote? Umewahi kuona majani yangu yakimdhuru yeyote?"

Mshauri, nilifumba macho. Nilijifanya nimesinzia pale kwenye kiti, kidevu kifuani, mtu mzima niliyewafukuzisha kazi walimu wakuu kwa kudanganya idadi ya madawati. Nikasikia sauti ya mdogo wangu, wala haikuwa kubwa: "Kaka, wewe ukilala kweli mdomo huwa wazi." Kisha nikasikia kikapu kikinyanyuliwa, na mlango. Hajarudi tangu siku hiyo, na leo ni wiki ya sita.

Meneja tulimuuguza siku kumi. Mkwe alimfunga kwenye kipande cha flana kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, akanipa nimpakate, na kila baada ya saa chache anamwingizia uji wa chakula chake kwa bomba la sindano kwenye pembe ya mdomo, kidogo, anangoja atafune, kidogo tena, halafu dawa ya maumivu, halafu anamsugua tumbo kwa vidole viwili akizunguka polepole. Sekretari alikaa ubavuni pake muda wote, kwa sababu daktari alisema wasitenganishwe. Kila asubuhi Meneja alipimwa uzito kwenye bakuli, juu ya mizani ya jikoni, na uzito ukaandikwa kwenye daftari lilelile la sukari yangu, ukurasa wa kushoto mimi, wa kulia yeye. Nilimpakata mnyama yule, moyo wake ukigonga kiganja changu upesi upesi, nikamwomba radhi mara nyingi sana kwa sauti ya chini, na mkwe akaniambia, "Baba, una roho nzuri wewe," nikatamani sakafu inimeze.

Siku ya tatu mkwe alipiga yowe, mteja aliyekuwa anapimwa gauni akaruka na pini zake zote. "Baba! Amepata choo! Meneja amepata choo!" Punje nne, ndogo kama pilipili manga. Tulipongezana kama watu ambao mtoto wao kafaulu mtihani. Siku ya saba akala nyasi kavu mwenyewe, siku ya kumi akapiga teke sakafuni akitaka kufunguliwa, na leo ni mzima, mnene, anakagua nyumba kama zamani, ila majani mabichi amepigwa marufuku kabisa, anakula nyasi kavu tu na chakula cha dukani.

Mimi ndiye siponi. Sukari yangu haishuki, daktari amepandisha insulini mara mbili, mkwe anajilaumu, anasema pengine kikombe chake cha wali ni kikubwa, amenunua kingine kidogo zaidi, na mimi namtazama akikipima kile kikombe na bado sisemi. Biskuti sijaacha. Nilikuwa nimeapa Meneja hatapata tena, nikawa naokota chembe kwa kidole kilicholoa mate, lakini juzi alisimama kwa miguu ya nyuma mbele ya kiti changu akanikazia macho, nikampa kipande, kidogo kama ukucha, naomba uniamini.

Mdogo wangu nimempigia simu mara mbili nikaikata kabla haijaita. Nimeamua hivi, na ndilo swali langu: nimeandika barua, kurasa tatu, mwandiko mzuri, nimeeleza yote na kumtaka radhi yeye na mkwe, nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti langu la suti, wataikuta nikishaondoka watakapopanga nguo zangu. Kwa njia hiyo ukweli utajulikana, mdogo wangu atasafishwa, na mimi sitalazimika kuuona uso wa mkwe wangu siku atakapofahamu kwamba miaka hii yote ya kunihudumia nimekuwa nikimzunguka kwa biskuti. Nadhani ni njia ya heshima. Je, nimekosea? Niambie kwamba sijakosea, tafadhali, ila ukiona nimekosea, niambie pia, nimezoea kuandika ripoti mbaya, naweza kusoma moja.

Ni mimi,
Mkaguzi mstaafu

MSHAURI ANAJIBU:

Mzee wangu, shikamoo. Heshima yako nimekupa, sasa nisikilize, maana umekosea, na tena umekosea kwa mwandiko mzuri.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akauliza kuna nini. Kisha nikafika kwenye kidevu kifuani, nikaacha kucheka. Kwa miaka yako yote na elimu yako yote, unafikiri mdogo wako amekasirikia mchicha? Mkunga huyo ametukanwa na wanawake wenye uchungu maisha yake yote, asingeshindwa na maneno ya mkweo. Alikugeukia wewe. Alikuwa na shahidi mmoja tu chumbani mle, kaka yake wa kuzaliwa naye, shahidi akafumba macho. Na alijua uko macho, alikuambia. Wiki sita hizi anangoja ufumbue.

Hiyo barua ya kwenye koti unaiita heshima. Mimi naiita kusinzia mara ya pili, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Fikiria tu vizuri: umeshaondoka, nyumba imejaa watu, mdogo wako anasomewa kurasa tatu kwamba alionewa na wewe ulijua. Atamgombeza nani? Atakusamehe wapi? Umempa haki yake na kumnyang'anya mtu wa kumpigia kelele. Tena nguo za marehemu hugawiwa haraka haraka, Mzee wangu. Koti hilo linaweza kuondoka na jirani, na siri zako zikasomwa kwenye karamu na mtu anayetafuta leso.

Sasa tuje kwenye hatari, kwa sababu ninyi wagonjwa wawili mnatibiwa kwa uongo wako. Meneja amenyimwa majani mabichi yaliyokuwa yakimfaa, kwa kosa ambalo majani hayakulitenda, na kile kilichomwangusha umemrudishia juzi kwa mkono wako. Kidogo kama ukucha! Sungura ambaye utumbo wake umeshasimama mara moja hapimwi kwa kucha. Wewe nawe daktari anakupandishia insulini akidhani unakula kikombe cha wali, kumbe unakula kikombe cha wali na pakiti. Na najua unachowaza hapo ulipo: basi nitaacha biskuti kimya kimya, mambo yaishe. Usithubutu! Ukiacha ghafla huku dozi imepandishwa kwa ajili ya biskuti ambazo hakuna anayezijua, sukari itaporomoka, na mkweo atakukuta sakafuni bila kujua alichokosea. Hata kutubu kwako hakuwezi kuwa kwa siri. Umejifungia mwenyewe milango yote isipokuwa ule mmoja.

Kwa hiyo leo, si kesho, fungua hiyo zipu. Mwite mkweo, mwambie azime cherehani, na kabla hajakuchoma sindano nyingine umpe pakiti zote mkononi, zilizojaa na ulizokwisha kuzifungua. Usimhutubie. Mwambie: biskuti nilizila mimi, na Meneja nilimlisha mimi. Mwambie pia kikombe chake cha wali hakina kosa lolote, hilo mwambie mara mbili, maana mwanamke huyo amekuwa akijilaumu kwa kukupenda sawasawa. Uso wake utauona, ndiyo. Umeuona ukiwa umechoka, umeuona ukishangilia punje nne, huu nao utauvumilia. Kisha mpigieni daktari wako simu muda huohuo, asikie yote, apange dozi upya, nawe umuulize waziwazi kama hali yako inaruhusu utamu kidogo unaojulikana na watu wote. Madaktari husikiliza kuliko unavyodhani, na mtu wa umri wako na moyo wako ana haki ya kuuliza. Ila aulize kwa mdomo, si kwa mto. Daktari wa wanyama naye aambiwe, majani yarudishwe kwa utaratibu atakaoutoa yeye. Kinyozi mwambie anyoe tu.

Kwa mdogo wako usimtume mkweo. Yeye ana samahani yake ya kuomba, ataipeleka mwenyewe kwa miguu yake, mitaa miwili haimuui. Wewe piga simu. Na hapa nakusihi kwa jambo moja: usianze na moyo wako, wala na hiyo miezi. Ukianza na kifo utakuwa umemziba mdomo, atalia, atakusamehe haraka kwa woga, na hutajua kama amekusamehe kweli. Anza hivi: "Siku ile nilikuwa macho." Halafu nyamaza. Atakufokea, tena kwa maneno ya mkunga. Mwache afoke mpaka amalize, usijitetee, usimwambie kuhusu chembe wala jinsi Meneja alivyokukazia macho, mambo hayo atayacheka siku nyingine akiwa amekaa mbele yako. Akishatulia, ndipo umweleze alichosema daktari, kwa sababu ana haki ya kulijua hilo akiwa dada yako na si mtu uliyemkosea. Kisha muulize anakuja lini.

Usimalize kusoma gazeti. Simu iko karibu yako. Akikata, piga tena.